Jina Lililotajwa Mara Mbili

Majina ya watu siyaandiki hapa. Yalishatuponza vya kutosha.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma historia chuo kikuu Nairobi. Profesa wangu alinipa kazi ya kufuatilia asili ya ukoo mmoja wa maseneta wa Gaul, nchi iliyokuja kuitwa Ufaransa, enzi ambazo dola ya Roma ilikuwa taabani. Walikuwa watu wazito, wenye mashamba na maaskofu, lakini ukirudi nyuma vizazi vichache tu, mababu zao hawaonekani. Kibaya zaidi, baba na mwana waliitwa jina moja, na wasomi wanagombana mpaka leo kama ni watu wawili au mmoja. Profesa alinipa kanuni: pasipo kaburi la kuwatenganisha, hesabu mmoja.

Likizo ilipofika nilimsimulia baba, nyumbani Garissa, akacheka mpaka akakohoa. Kwetu mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kutaja baba yake, na baba wa baba yake, mpaka ukoo unapoanzia, kabla hajajua kufunga viatu.

"Aabo," aliniambia, maana Msomali humwita mwanawe "baba", kama yeye mwenyewe anavyoitwa, "hao maseneta wako hawakuwa na mama wa kuwafundisha?"

Kikohozi hakikuisha. Daktari aliona uvimbe kooni, akaagiza apelekwe Nairobi upesi. Lakini kitambulisho cha baba kilikuwa kimesombwa na mafuriko ya mto Tana pamoja na nusu ya nyumba, na miaka ile Msomali asiye na kitambulisho hakupita kizuizi cha askari kwenye daraja la mto huo, njia ya kwenda Nairobi. Kupata kingine kulitaka usimame mbele ya jopo uthibitishe kuwa wewe ni Mkenya, si mkimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka. Uthibitisho wenyewe ulikuwa abtirsi. Mama alikuwa mjamzito na miguu imemvimba, basi mimi ndiye niliyempeleka baba mbele ya jopo.

Baba alianza vizuri, sauti imekwaruza lakini haikosei. Akafika kwa babu yetu mmoja aliyezaliwa baba yake ameshakufa, akapewa jina la marehemu kama desturi ilivyo. Baba akalitaja jina hilo, kisha akalitaja tena. Karani, mgeni wa mji huu, akainua kalamu.

"Mzee, unarudia."

"Hapana, hawa ni watu wawili. Moja alikula simba. Moja alikufa kiu."

Alitaka kusema aliliwa na simba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ng'ombe sokoni, na huko kilimtosha. Ukumbi ukaangua kicheko. Karani akafuta machozi, akakata jina moja, kisha akalinganisha na orodha ya ami, kaka yake baba, tumbo moja, aliyepita mbele ya jopo siku za nyuma. Ya ami ilizidi jina moja.

"Huyu si ndugu yake," akasema. "Anadanganya."

Nilisimama nikapaza sauti kwamba ni watu wawili. Akaniuliza kaburi la huyo wa kwanza liko wapi. Aliyeliwa na simba ana kaburi gani? Wazee wawili wa ukoo wetu walikuwa kwenye jopo lile, wakijua abtirsi ile kama vidole vyao. Wakatazama viatu vyao. Sijawasamehe, na sina mpango wa kuwasamehe.

Tulijaribu kuvuka hivyo hivyo. Askari wa darajani alisoma barua ya daktari, akamtazama baba vizuri, akasema pole, akaturudisha. Mwishowe baba hakuweza kumeza hata maziwa ya ngamia. Akafa upande wetu wa mto.

Mama alijifungua mvulana baada ya arobaini. Nilimsihi ampe jina lolote, hata la jirani. Hakunisikiliza, akampa la baba.

Abtirsi nilimfundisha mimi. Akifika miaka kumi na minane atasimama mbele ya mtu mwenye kalamu, kwa hiyo nilimzoeza kutaja jina lake, kunyamaza kidogo, kulitaja tena, kisha kueleza.

"Hawa ni watu wawili," husema. "Mmoja ni mimi. Mmoja aliuawa na daraja."