Wazee wa Usagara walivyoulizwa shida zao wote wakajibu "salama", mpaka shuka la maua likasema kweli

Wakuu, na wajukuu zangu wote humu, marahaba kabisa kwa mtakaonisalimia.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja anasema kufanya utafiti ili wazee watunzwe vizuri ni mambo ya juzi juzi. Nikacheka. Mie nimeuona huo utafiti kwa macho yangu Tanga, miaka ya hamsini, mkonge ukiwa bado ndo mfalme. Hapa sitii chumvi. Chumvi niliitia kwenye sufuria tu.

Kwanza niwataje waliokuwepo.

Nilikuwepo mie, Mwanaidi binti Sefu, Mzigua wa Pangani, mpishi wa Nyumba ya Wazee pale Usagara, Tanga mjini.

Alikuwepo Nesi Eliwaza, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, ndiye mwenye wagonjwa.

Bwana Kasamali, Muhindi mwenye duka la vitambaa, Mwislamu mwenzangu, mkubwa wa kamati ya ile nyumba. Mchele na mashuka vilitoka kwake.

Bwana Klementi, kijana wa Kibondei. Alikuwa amefanya kazi Amani, kule milimani, kwa wale watafiti wa mbu, ndo akaja kwetu.

Babu Ramadhani Kapalata, Mnyamwezi, mkata mkonge tangu ujana wake mpaka miguu ikamkatalia.

Na Bi Nyamizi, Mnyamwezi pia, dada yake wa safari. Maana yake walikuja kutoka Tabora kwa lori moja kutafuta kazi. Tanga nzima yeye peke yake ndiye aliyelijua jina la baba yake Babu Kapalata.

Wengine walikuwepo, lakini hao ndio wenye kisa.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa ya watu waliozeekea kwenye makambi ya mkonge, hawana wa kuwarudisha kwao. Vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake. Vitanda vya chuma, sakafu inang'aa, chakula kipo.

Ila wazee wanakwisha.

Yaani wanakonda, macho mekundu, mchana wanasinzia na kijiko mkononi. Kamati huko Raskazone, mtaa wa wakubwa, ikasema huo uzee tu, hauna dawa. Wale dhaifu zaidi wapelekwe kambi ya wasiojiweza, mbali bara huko. Wa kwanza kutajwa alikuwa Babu Kapalata.

Tulijua maana yake. Walioenda huko hatukuwahi kupata salamu zao. Na Bi Nyamizi angebaki hana wa kusema naye Kinyamwezi.

Nesi Eliwaza akagoma. Msambaa akikataa, mnajua wenyewe. Akaiambia kamati, kabla hamjamhamisha mtu, waulizwe wenyewe wana nini. Bwana Kasamali akakubali. Wakampa muda mpaka kamati itakapokuja kukagua. Ndo akaletwa Bwana Klementi.

Akaja na karatasi zake, suruali imenyooshwa, adabu tele. Akamwamkia kila mzee, akakaa chini, akauliza.

"Shikamoo babu. Unalalaje hapa?"

"Marahaba. Salama."

"Chakula?"

"Alhamdulillahi."

"Una shida gani, babu?"

"Sina shida, baba. Uzee tu."

Akaenda kitanda cha pili, salama. Cha tatu, salama. Chumba cha wanawake, salama tupu. Alikuja jikoni kwangu kaishiwa nguvu, nikampa chai.

Akasema, "Bi Mwanaidi, hata mbu wa Amani hawafanani hivi. Watu wakijibu sawasawa wote, ujue hujawauliza bado."

Hapo wakuu nisimame kidogo kwa vijana. Sisi watu wa pwani, na hao waliotuzoea, mgeni akikuuliza hali unamjibu nzuri. Hata nyumba inaungua, unasema nzuri, halafu ndo unamwambia ila kuna moto kidogo. Wale wazee walijua pia kwamba nyumba ni ya kupewa. Mla cha kupewa hakosoi.

Haya. Asubuhi moja Bwana Klementi anakunywa chai kibarazani kwangu, Babu Kapalata akaja anajikongoja na fimbo yake. Kila siku alikuwa anakuja kuota moto wangu kabla jua halijapanda. Mie ni Mzigua, yeye Mnyamwezi, ni watani tangu babu zetu. Kwa mtani hakuna adabu.

Nikamwambia, "We mpagazi, macho mekundu hivyo, usiku ulikuwa unalinda mizigo ya nani?"

Akajibu, "Nalinda sanda yangu, Mzigua, usije ukaiuza. Nyinyi si mliuzana wenyewe kwa pishi ya mtama siku za njaa?"

Nikacheka, nikakoroga uji.

Bwana Klementi hakucheka. Akageuka, "Sanda gani, babu?"

Mzee akanyooka papo hapo. "Salama bwana, tunataniana tu."

Mnaona? Mlango ulifunguka, mgeni akapiga hodi, ukafungwa.

Alipoondoka, Klementi akaniuliza kwa nini mzee anasema na mie. Nikamweleza utani. Akasema, basi kesho uliza wewe, kwa njia yenu hiyo hiyo. Mie nitakuwa namenya muhogo.

Na kweli kesho yake alikaa katupa mgongo, anamenya muhogo. Wakuu, alimenya vibaya, nusu ya muhogo ilienda na maganda. Lakini masikio yote yalikuwa kwetu.

Nikaanza. "Mnyamwezi, jana umesema una sanda. Mtu mwenyewe hufi, sanda ya nini?"

"Nimevishwa ningali hai, Mzigua. Hukuona kitandani? Bafta. Nyeupe, imekatwa kwenye jora hivi hivi, haikupindwa upindo. Wangapi nimewazika kambini kwa kitambaa kile? Nikilala juu yake na kujifunika nyingine, naona nimeshakafiniwa, nangoja wabebaji tu."

"Sasa unafanyaje?"

"Naikunja vizuri naiweka miguuni pa kitanda, nalala sakafuni. Baridi inanila. Wote tunafanya hivyo, alfajiri tunarudi juu kabla nesi hajaingia."

Nikaweka mwiko chini. Yale mashuka nilikuwa nayaona nikipeleka uji, yamekunjwa safi, nikasema wazee hawa wana usafi wao. Sanda haishonwi pindo, hilo kila Mwislamu analijua, na mie ninalijua. Ila usipoliwaza, hulioni.

"Mbona hamkumwambia nesi?"

"Mtu kakupa nguo, umwambie nguo yako ya maiti? Mie Mnyamwezi bibi, si Mzigua."

Nesi Eliwaza aliposikia alikaa kwenye kinu changu. Kwao hospitali ya misheni shuka jeupe ndo usafi, ndo sifa ya nesi. Akainuka anataka kuyatoa yote saa ile ile.

Klementi akasema, "Ngoja, nesi. Kamati itasema ni maneno ya utani ya mzee mmoja. Tuwape wanawake mashuka ya rangi, wanaume wabaki na ya zamani. Tuwatazame. Tofauti ikionekana hawatakuwa na la kusema."

"Na Babu Kapalata je? Ndiye wanayetaka kumchukua, unamwacha kwenye sanda?"

"Nikimpa yeye kwanza, watasema nimempendelea."

"Wewe umezoea mbu, Klementi. Mbu ukimwacha akafa huulizwi."

Kijana wa watu akainamisha kichwa. Lakini hakubadili neno. Na mie leo na uzee wangu naona wote wawili walikuwa na haki.

Basi tukanunua shiti, kile kitambaa cha maua cha mapazia. Mie na Bi Nyamizi tukakipinda pindo kwa mkono, tukatandika chumba cha wanawake.

Jamani.

Wanawake walilala. Walilala kama watoto walioshiba. Siku zikipita wanaomba sahani ya pili ya bada, ule ugali wangu wa muhogo, mchuzi wanafuta na kidole. Bi Nyamizi akaanza kuimba akiosha vyombo, sauti mbaya kama mlango, lakini nani angemkataza?

Chumba cha wanaume, macho mekundu vile vile. Babu Kapalata ndo anazidi kudhoofu. Uji anaurudisha. Hata kunitukana alikuwa anachoka katikati ya tusi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ikafika siku ya kamati.

Bwana Kasamali akaja asubuhi na mapema na kofia yake, Nesi Eliwaza nyuma yake, Klementi na karatasi zake. Gari la kumchukua mzee limesimama nje. Mie nimebeba uji. Tukaingia chumba cha wanaume, madirisha hayajafunguliwa bado.

Kitanda cha Babu Kapalata, mtu kalala chali kitandani, kafunikwa kichwa mpaka miguu. Kimya. Hatikisiki.

Bwana Kasamali akasema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nesi akaziba mdomo.

Mie chozi likanitoka. Lakini wakuu, mtani ana kazi yake msibani. Wengine wakilia, mtani anamtania maiti, ndo heshima yake ya mwisho. Nikaweka uji chini, nikajikaza, nikasema kwa sauti:

"Haya Mnyamwezi, umetukimbia na uji umeiva. Maisha yako yote umebeba mizigo ya watu, leo nani atakubeba wewe mpagazi?"

Chini ya shuka sauti ikajibu, imejaa usingizi:

"Asinibebe Mzigua. Ataniuza njiani."

Bwana Kasamali aliruka mpaka kofia ikaanguka. Mzee akajifunua uso, akapiga mwayo, akauliza, "Saa ngapi? Mbona mmenijazia watu?"

Hapo ndipo Klementi alipotazama vizuri. Lile shuka lilikuwa la maua. La chumba cha wanawake.

Akageuka. Bi Nyamizi kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimempa mie jana," akasema. "Mie nilale kwenye maua na kaka yangu alale kwenye sanda? Mlitaka kujua shuka linafanya nini. Si hilo mnaliona?"

Klementi alitazama karatasi zake. Kazi yake yote aliyoipanga imeingiliwa na bibi mmoja. Nikadhani atakasirika. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye kitanda cha jirani.

"Bwana Kasamali," akasema, "mzee huyu hajalala usiku tangu nifike hapa. Leo amelala mpaka tukamdhania maiti. Mie sina ushahidi mkubwa kuliko huu."

Akamweleza yote, na ya chumba cha wanawake pia.

Bwana Kasamali akaichukua ile bafta iliyokunjwa miguuni pa kitanda. Akapitisha vidole kwenye ukingo wake usiopindwa. 

"Hii nawauzia wafiwa dukani kila siku," akasema. "Kwa mkono wangu nimeikata hivi hivi. Kwa nini hamkuniambia?"

Babu Kapalata akamwambia, "Bwana, ulitupa kwa moyo mweupe."

"Moyo uwe mweupe, mzee wangu, shuka lisiwe," akajibu, na chumba kizima kikacheka, hata mzee wa kitanda cha pembeni, babu Ngonyani, ambaye hakuwa na jino la kuchekea.

Gari likarudi tupu.

Magharibi haijafika, majora ya shiti yameletwa kutoka dukani. Bafta zikakunjwa zikawekwa kabatini zingoje kazi yake. Ya Babu Kapalata ilingoja sana, wakuu. Ilingoja mpaka ikaanza kugeuka rangi.

Tangu hapo Klementi akawa anamtafutia kila mzee mtani wake wa kumuuliza, halafu akishasikia anajaribu kwanza upande mmoja, anatazama. Tukajua mengi. Mojawapo ni kwamba babu Ngonyani hakuipenda bada yangu hata siku moja, aliila kwa adabu tu. Aliyeitoboa siri hiyo ni mtani wake aliyekuwa akituletea kuni. Nilinuna siku nzima. Halafu nikampikia wali.

Funzo langu ni hili. Mzazi wako akikwambia kwenye simu "sijambo mwanangu," usikate ukaridhika. Mtafute anayemtania, huyo ndiye anayejua. Na ukifika nyumbani, tazama shuka liko wapi.

Sasa nisahihisheni. Majina nina hakika nayo yote. Ila maua ya lile shuka, Bi Nyamizi mpaka mwisho wake alisema yalikuwa mekundu, na mie niliyelipinda pindo nasema yalikuwa ya njano. Kama humu yupo mtoto au mjukuu wa mmoja wao na aliwahi kusimuliwa, aseme. Na popote nilipokosea pengine, semeni pia.

Lakini msiniandikie "uzi mzuri bibi" kwa adabu, hiyo ni salama ile ile. Kama kuna Mnyamwezi humu, aanze yeye.