Chumvi kwenye Rejeta

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori kuukuu lililobeba samaki kutoka Kunduchi kwenda sokoni mjini. Kabla ya safari ilibidi rejeta ijazwe maji ya kupoza injini, na desturi ya kisima cha pale ilikuwa wanaume wangoje wanawake wamalize kuchota. Mie ningoje wanawake? Nilikuwa nikichukua debe, nateka maji ya bahari, najaza, naondoka.

Baada ya miezi kadhaa injini ikaanza kuchemka njiani. Nikalipeleka lori Temeke kwa fundi wa tajiri wetu, mwenye lori; fundi huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Nikamfokea mbele za watu kwamba pampu ya maji aliyoifunga ni mbovu. Akaifungua, akaifunga upya. Gari likachemka. Akabadilisha mkanda wa feni. Likachemka tena. Mara ya tatu akapapasa rejeta: juu inaunguza, chini baridi. Imeziba. Akachomoa mpira wa chini, akachovya kidole kwenye maji yaliyotoka, akaramba.

Akanitazama. Nikainamisha macho.

Tajiri alipokuja kuuliza nani kamharibia injini, shemeji akajibu, "Ni mimi, tajiri. Pampu niliifunga vibaya."

Akafukuzwa palepale, na mie nimesimama kando, hendeli ya kuwashia lori mkononi.

Jioni dada akaja kwangu. Alikuwa hajui lolote. Akaniomba nimwendee tajiri, nikamwombee mumewe msamaha.