Bibi Harusi wa Mpango wa Miaka Kumi

Mpango wa mkoa wa miaka kumi wa kuendeleza sanaa, utamaduni na tasnia za ubunifu ulinikuta Biharamulo nikiwa na koti, shahada na muda mwingi, yaani sifa zote za kuitwa mdau. Afisa aliyeuandaa alikuja na maji yake ya chupa. Akatuonyesha ukutani mishale inayopanda: ngoma inakuwa bidhaa, bidhaa inakuwa ajira. Nilimchukia kabla hajafika mshale wa pili. Hata hivyo niliitikia kwa kichwa kila alipotutazama, maana chakula kilikuwa bado.

Kisha akalitaja ghala la zamani la ushirika kule Bisibo. Tangu ushirika ufe, shangazi yangu na wenzake hufanyia humo mazoezi ya nyimbo za harusi. Sasa lingekuwa Kituo cha Ubunifu, na vikundi vitakavyotumbuiza siku ya uzinduzi ndivyo vingepewa nafasi ndani. Wimbo uliotakiwa ni ule wa kumliza bibi harusi, kwa dakika tano. Mimi, msomi wa ukoo, nikaongee na shangazi.

Nilimkuta akimenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na koti, nani kafa?"

Nikaeleza.

"Na anayeolewa ni nani?"

"Hakuna. Wanazindua mpango."

"Huo mpango unaolewa wapi?"

Kwetu binti huimbiwa wimbo ule mara moja tu maishani, uani kwa baba yake, asubuhi anapoondoka. Pasipo binti hauimbwi. Hata mazoezini wanawake huguna sauti tu, maneno wanayabana midomoni.

"Kawaambie hivyo," alisema. "Au tulikusomesha uvae koti?"

Nikawaambia. Afisa alifurahi kupita kiasi. "Kumbe shida ni bibi harusi tu? Tutampata!"

Siku ya uzinduzi walimkalisha karani wao, binti mpole, kwenye kiti cha plastiki mbele ya mgeni rasmi, wamemfunika kitenge ambacho karatasi ya dukani haijabanduliwa. Shangazi alitoka mbele ya kikundi, akainama, akainua ncha ya kitenge.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeolewa?"

"Bado."

"Mchumba unaye?"

"Yupo, kule Nyarubungo."

"Sasa nikikuliza leo, siku yako nitakuimbia nini?"

Afisa akaja mbio na kipaza sauti mkononi. "Mama, haya ni maigizo tu! Mgeni rasmi anasubiri."

"Basi akae yeye."

"Mfunikeni mgeni rasmi, tumlize!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko. Karani akakivua kile kitenge, akakikunja vizuri, akamkabidhi bosi wake na kwenda zake. Afisa alibaki amekikumbatia kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Halafu akamwashiria fundi mitambo, ukapigwa muziki wa Dar es Salaam, na mgeni rasmi akaupigia makofi kwa dhati.

Njiani shangazi alisema, "Ghala limekwenda." Alilijua hilo tangu alipoinua kitenge.

"Ungeimba hata nusu."

"Binti anaondoka nusu vipi?"

Shahada haikunisaidia.

Karani aliolewa baada ya mavuno. Shangazi alimwimbia uani kwao, maneno yote, na binti akalia mpaka tukaanza kutazama chini. Afisa naye alialikwa, akainua simu arekodi. Shangazi akanyamaza katikati ya ubeti. Ua mzima ulimgeukia yule bwana, pamoja na mbuzi, mpaka simu iliporudi mfukoni. Ndipo akaendelea.

Ghala lilipakwa rangi, likawekwa kibao na kufuli. Sijawahi kumwona mbunifu akiingia. Siku za mazoezi shangazi na wenzake hukaa nje, migongo ukutani, chini ya kibao; mvua ikija hujibanza upenuni. Nikipita huwakuta wakiguna, midomo imefungwa, na hakuna anayejisumbua kulitazama lile kufuli. Mimi hulitazama kwa niaba yao, kwa chuki, halafu naenda kikaoni. Bado wananiita mdau.