Mwenye Kushindilia Gobore Hasalimiwi

Iko asubuhi moja ambayo sijawahi kuimaliza, mwanangu. Ilianza Saboti, kwenye shamba la mahindi la babu yangu, nikiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo upepo ukibamiza mlango wa karakana yangu hapa Kitale, mkono wangu unaruka wenyewe kushika shavu. Vijana ninaochomelea nao madirisha hucheka. Wananiambia, "Fundi, si ni upepo tu, bana." Nami nacheka nao, maana kicheko Mungu hakuninyima. Lakini tukimaliza kucheka, mimi hukaa chini kidogo.

Usinitazame ukaona sina mvi ukasema huyu atanifunza nini. Wako watu huzeeka pole pole kama mti, na wako waliozeeka kwa mlio mmoja. Mimi ni wa hao wa pili. Kaa nikueleze.

Babu, mzaa baba, alikuwa na gobore. Ni bunduki ya zamani inayolishwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unaweka risasi iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta, unasukuma vyote mpaka chini kwa mti mrefu, unashindilia, na baada ya kazi hiyo yote unapata mlio mmoja tu. Ukitaka wa pili unaanza upya, kama mtu aliyeunguza ugali. Karatasi zake za kuimiliki zilikuwa sawa, amezifunga kwa nailoni ndani ya sanduku. Ujanani mwake, kabla serikali haijafunga uwindaji, aliwinda nayo pongo na nyati huko juu karibu na msitu wa mlima. Mimi nilipokuja kupata akili, ilikuwa imebaki ya kutisha nyani wasimalize mahindi.

Alinifunza kuishindilia kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa na vipimo viwili vya baruti. Kidogo kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi, hicho ni cha nyani, mlio bila risasi. Kikubwa alikikata kwa mwanzi, hicho ni cha mnyama wa kweli. Mimi, kijana wa ndoto nyingi, nilimwuliza kwa nini asitengeneze cha tatu, kikubwa zaidi, tupige kitu kikiwa ng'ambo ya mto. Babu alicheka mpaka akakohoa.

"Watu wanafikiri mnyama mkubwa anataka baruti nyingi," akasema. "Mnyama mkubwa anataka risasi nzito na mtu mwenye subira ya kusogea karibu. Baruti ikizidi, risasi inakuwa kama mlevi, inatoka na kelele na haijui inakoenda. Na mtutu unaumia. Chuma nacho kina moyo."

Alinionyesha jinsi ya kuchagua risasi. Alizimimina mwenyewe kwa madini laini ya risasi aliyoyayeyusha kutoka betri kuukuu tuliyonunua kwa fundi wa magari mjini. Moja moja aliiviringisha kiganjani. Yenye shimo la hewa aliirudisha chunguni, kwa sababu ni nyepesi upande mmoja na itapinda njiani. Iliyolegea ndani ya mtutu ilirudi pia. Iliyobana sana, vivyo hivyo. "Iingie kama mguu kwenye kiatu chako mwenyewe," alisema, "siyo cha kuazima."

Kwenye ule mti wa kushindilia alikuwa amechonga mstari. Ukishatia kipimo kimoja cha mwanzi na risasi moja, ule mstari unalingana na mdomo wa mtutu. Ukipita juu, kuna kitu kimezidi. Na ukisahau umefika wapi, unamwaga maji ndani, unatoa kila kitu, unaukausha, unaanza upya. Hasara ni kiganja kimoja cha baruti na asubuhi moja.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyonishinda. Mwenye kushindilia hasalimiwi. Akisalimiwa, haitiki. Hata aje nani. Babu alisema salamu zetu ni ndefu, na kichwa cha mtu hakibebi salamu na hesabu kwa safari moja.

Basi mwaka huo aliingia nguruwe pori dume, mkubwa, mwenye hasira za kwake mwenyewe. Alilala mchana kwenye matete karibu na kijito, na usiku alikula mahindi ya watu. Alimpasua mbwa wa jirani, halafu akampasua jirani mwenyewe paja. Maafisa wa wanyama walikuja, wakaona, wakamwandikia Babu ruhusa ya dume lile moja tu. Siku ikapangwa. Saa nne asubuhi majirani wangeingia na mbwa kwenye matete, na gobore ingengoja upande wa pili.

Mimi niliketi kando ya shamba, gobore imesimama katikati ya magoti yangu. Nilichukua kipimo cha mwanzi. Ndipo akatokea mjomba wangu, kaka yake mama, kutoka Myanga. Alikuja na gari la mapema kuleta habari za harusi, wala hakujua kuna nguruwe.

"Mulembe, mpwa wangu."

Mwanangu, kwetu Wabukusu mjomba huyo anaitwa khocha, na si mtu wa kuchezea. Mdomo wake unaweza kukubariki na unaweza kukukausha. Kijana asiyemwitikia khocha wake, watu wangeuliza kama amelelewa au ameokotwa. Upande mmoja sheria ya Babu, upande mwingine khocha amenyoosha mkono. Nikaitika.

"Mulembe, Khocha."

"Mama yako ameamkaje?"

"Ameamka mzima. Watu wa Myanga?"

"Tuko. Mvua ndiyo imetukataa kidogo. Na yule ng'ombe mwekundu, si alizaa?"

"Alizaa. Ndama jike."

"Ndama jike, sawa sawa. Na wewe, shule ulimaliza ama ni yenyewe ilikumaliza?"

Tukacheka sana, kwa maana ilikuwa kweli. Akanipiga bega, akaenda kumsalimia Babu na wazee wengine. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu, nikakuta kipimo cha mwanzi kimelala kwenye nyasi, kitupu.

Kitupu kwa sababu nimemimina? Ama kitupu kwa sababu sijajaza? Nilitafuta kichwani mwangu na humo mlikuwa na ndama tu.

Nikajaza, nikamimina. Nikaweka kitambaa, risasi, nikashindilia. Mstari ukasimama juu ya mdomo wa mtutu, urefu wa punje tatu za mahindi zikipangwa. Niliuona kwa macho yangu haya. Nikajiambia kitambaa cha leo ni kinene. Maji yalikuwa kwenye debe, hatua tano kutoka nilipoketi. Lakini majirani walikuwa wamefika, mbwa wanalia, Khocha yuko pale, na mimi ndiye niliyejisifu wiki nzima kwamba bunduki ya Babu sasa ni yangu kushindilia. Nimwage maji mbele yao? Waseme kijana hawezi kuhesabu mpaka moja?

Babu akaja, mkono mbele kama anavyotembea mtu wa ukungu. "Tayari?"

"Tayari, Babu."

"Mstari umekaa?"

Aliuliza kwa sababu hakuona. Aliazima macho yangu, na mimi nikampa macho ya uongo.

"Umekaa."

Nilidhani atampa jirani mmoja apige. Lakini akageuka kumtafuta mgeni wake. "Mkwe wangu amekuja siku njema," akasema. "Mgeni apewe heshima. Piga wewe."

Khocha alikuwa fundi wa baiskeli. Akaishika gobore kama mtu aliyepewa mtoto wa siku mbili. "Mimi na bunduki wapi na wapi, baba? Hii kitu si itanipiga teke?"

"Itakusukuma bega kama shemeji aliyelewa. Simama imara tu."

Watu wakacheka. Akaiegemeza kwenye shavu lake. Mwanangu, hapo ndipo palikuwa na nafasi. Nilisimama hatua chache nyuma yake. Mbwa waliingia kwenye matete, wakazunguka, wakatoka, wakaingia tena. Ningeweza kusema neno moja mara kumi. Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu haukujikwaa wala haukutembea. Ulilala.

Nguruwe akatoka.

Mlio ule haukuwa wa gobore ninayoijua. Ulikuwa kama mabati ya nyumba nzima yameanguka ndani ya sikio langu. Moshi ukatufunika. Kitu cha moto kikapita karibu na shavu langu, na nguruwe naye akapita, mzima, karibu nimguse, na hakuna aliyemtazama. Moshi ulipofunguka Khocha alikuwa bado amesimama. Mtutu ulikuwa umechanika kama ganda la ndizi. Alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto vile mtu anavyotazama mkono wa mgeni.

"Hii ni nini," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kisha akaketi chini.

Hospitalini walimwokoa, lakini vidole viwili havikurudi, na shavu lake likabaki na alama. Jicho liliponea chupuchupu. Polisi walichukua mabaki ya gobore. Watu wote walisema chuma kilikuwa kimezeeka, na mimi nikawaacha waseme. Ilikuwa raha mbaya hiyo, mwanangu, raha ya kulalia kitanda chenye siafu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu. Mimi nilikuwa nimeshasikia mshindo na bado nimenyamaza.

Aliyeumia zaidi nyumbani alikuwa Babu. Aliacha kula mezani na sisi. Alikuwa anajisemea, "Nilikipima kila mwaka. Kutu ilipita wapi?" Baada ya majuma kadhaa akaniambia nimshike mkono nimpeleke Myanga, akaombe radhi.

Tulimkuta Khocha kwenye kibanda chake, anajaribu kukaza spoki kwa vidole vitatu. Babu hakukaa alipopewa kiti. Alivua kofia. Mzee yule, ambaye hata mbele ya chifu hakuivua, aliivua mbele ya mtu wa umri wa mtoto wake, akaanza kukunja magoti, yanalia kama bawaba.

"Nilikupa kitu kibovu ukiwa mgeni wangu," akasema. "Macho yangu ni mabaya, sikuona kutu."

Nilishtuka kuliko siku ya mlio. Nikamshika kwapani asifike chini.

"Babu, hakukuwa na kutu. Ni mimi. Khocha alinisalimia nikapoteza hesabu, nikatia tena. Mstari ulipita juu. Niliuona."

Hapo kibandani palikuwa na mteja mmoja. Alichukua baiskeli yake bila kutengenezwa akaondoka.

Babu aliketi. Kofia ilikuwa bado mkononi. "Rudia hilo la mstari," akasema.

"Niliuona, Babu."

"Kusahau sikukatazi. Mimi mwenyewe nimesahau mara ngapi, nikamwaga, wakanicheka, nikacheka. Debe la maji niliweka pale kwa ajili ya nani? Niliweka kwa ajili ya mtu aliyesahau." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio bado unanichoma: "Nilikuuliza kwa sababu sioni. Kipofu akikuuliza njia, hata adui yake hamwonyeshi shimo."

Nikangoja Khocha aseme la kwake. Nilijua anaweza kunilaani, na haki anayo. Alifuta grisi kwenye suruali.

"Mimi ndiye nilisalimia mtu aliye kazini," akasema. "Hiyo nimebeba. Lakini wewe, ungesema asubuhi ile, 'Khocha, ngoja, sijui nimetia mara ngapi.' Ningekucheka mpaka saa sita. Ati kijana mkubwa hajui kuhesabu moja. Halafu tungekunywa chai na nguruwe angengoja kesho." Akainua mkono. "Ni hicho kicheko uliogopa? Hicho tu?"

Ndiyo. Ni hicho tu.

Alinifanya nibaki Myanga miezi mitatu, niwe vidole vyake mpaka mkono uzoee. Huko nilijifunza kazi ya chuma, na ndiyo inayonilisha hadi leo. Nguruwe, nasikia, alirudi msituni mwenyewe.

Sasa sikia, mwanangu. Labda hutashika gobore maisha yako yote. Lakini utapima dawa ya mgonjwa, utachanganya simiti ya nguzo, utatia dawa ya magugu kwenye pampu, na katikati ya kazi mtu unayemheshimu atakusalimia. Mpungie mkono, atakusamehe. Ukipoteza hesabu, usikisie. Mwaga, anza upya, hata kama mji mzima unatazama. Ukiona alama imepita mahali pake, usiitafutie sababu tamu, sema umeiona. Na mtu asiyeona akiazima macho yako, mpe yale unayoyatumia mwenyewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wakati mwingine kilio chenyewe si chake, ni cha mtu aliyekuja na habari za harusi.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono inayotulia na mdomo unaofunguka mapema. Wajomba zako wakutemee mate ya baraka, watakaokucheka wakucheke ukiwa mzima, na kila aliye mbele yako arudi kwao na vidole vyake vyote kumi.