Maneno Mekundu Kwenye Kompyuta ya Nesi Oliva

Maximilian Akonaay, mtoto wa wakulima wa Endagikot, alikuwa mtengeneza mifumo ya kompyuta. Mfumo wa kusajili wajawazito katika baadhi ya zahanati za Hanang ulikuwa kazi ya mikono yake. Wauguzi walipolalamika kwamba mfumo unawatoa katikati ya kazi na kuwataka waingie upya, alijibu kwa mkato: "Wafundishwe kutumia kompyuta."

Basi akatumwa yeye mwenyewe kwenda kufundisha. Katika zahanati ya Getanuwas alimkuta Nesi Oliva, mama wa makamo aliyehamishiwa hapo kutoka Kigoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, nimalizane na huyu."

Alikuwa akiingiza habari za mjamzito mmoja: vipimo, mimba zilizopita, mtoto aliyefariki. Kabla hajahifadhi, akaitwa chumba cha kujifungulia, akatoka mbio. Maximilian alibaki akisikia mwanamke akipiga kelele za uchungu, halafu kilio cha kichanga.

Oliva alirudi mikono ikiwa bado na maji, akabonyeza "hifadhi". Alichoandika kikatoweka chote. Yakatokea maneno mekundu: "Umetolewa kwa sababu hukuwa unafanya kazi. Ingia upya."

Maximilian aliyafahamu maneno hayo. Aliyaandika yeye, siku moja mchana, akinywa soda.

"Unisamehe, mwanangu," Oliva alisema kwa sauti ya chini. "Hapa nakosea kila siku."

Akamgeukia yule mjamzito, akamwomba aeleze tena habari za mtoto aliyefariki. Mwanamke akaeleza tena, macho chini.



"Mama, hujakosea," Maximilian alisema. "Ni mimi. Haya maneno niliandika mimi."

Oliva aliyasoma tena polepole. "Kumbe ni wewe unayeniambia sifanyi kazi?"



Maximilian aliporudi ofisini aliubadilisha mfumo. Sasa muda ukiisha, habari za mgonjwa zinafichwa lakini hazipotei; muuguzi anaombwa nywila tu, kisha anaendelea pale pale alipoishia. Yale maneno mekundu aliyafuta.

Oliva alimpigia simu. "Kompyuta hainifukuzi tena, mwanangu. Mungu akubariki."

"Asante, mama," alijibu, akakata simu upesi, maana aliona aibu kubarikiwa kwa kosa lake mwenyewe. Na mafunzo ya Getanuwas yalipopangwa tena, alisema ana kazi nyingi, akamtuma mwenzake Gervasi.