Harufu ya Bati Jipya

Hadi leo nikisikia mtu akisema anatafuta mfanyakazi mwenye uzoefu, mdomo wangu hujaa mate ya kichefuchefu. Sisemi kwa mafumbo. Niliwahi kumwajiri mwenye uzoefu na kumfukuza asiye nao, na matokeo yake niliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa na karakana ndogo mjini Bomet. Yeye na mafundi wawili walitengeneza matangi ya mabati na kufunga mabomba. Mimi nilikaa ofisini, chumba chenye meza, benchi, na simu iliyofanya kazi ikipenda. Kazi ilipozidi, ikawa lazima niende Kericho mara kwa mara kununua mabati. Tukahitaji mtu wa kupokea wateja.

Mwishowe walibaki waombaji wawili. Mmoja alikuwa mwanamume aliyeuza vifaa vya mabomba Nakuru kwa miaka minane, suruali imepigwa pasi, kijiti cha meno mdomoni. Mwingine alikuwa mwanamke wa upande wa Merigi, karani wa kituo cha kupimia majani ya chai. Bomba alikuwa hajawahi kulishika.

Niliwapangia mezani vifaa vya kuungia mabomba: elbo, soketi, yunioni, koki. Mwanamume alivitaja vyote pamoja na saizi zake bila kuvigusa. Mwanamke aliviangalia kwa makini, akasema, "Hizi sizijui, madam. Mkinipa wiki moja nitazijua. Lakini nilitaka kuuliza, wateja wenu wakikuja huwa wanakaa kwa muda gani?"

Nilicheka. Mafundi wetu wawili walikuwa wakichungulia dirishani, na mmoja akainua elbo, kipande cha bomba kilichopinda, akamuuliza kama kwao hiyo ni ya kusongea ugali. Wote walicheka, lakini mimi mwenye ofisi ndiye niliyecheka zaidi. Yule mwanamke alikunja barua yake, akatuaga vizuri na kwenda zake. Kicheko kile kingekuwa kitu cha kutapika, ningekitapika.

Wazee wa huku hawakuangushii shida yao mezani kama mzigo wa kuni. Huanza na salamu, kisha mvua, ng'ombe, watoto walioko shuleni. Halafu hukutajia shida ndogo. Ile kubwa husubiri mpaka mgeni ameinuka na mkono uko mlangoni, ndipo hugeuka na kusema, "Lakini..." Mimi nilikuja kuolewa kutoka upande wa Kisii, na miaka sita niliyokaa Bomet haikunifunza hilo, kwa sababu sikutaka kufunzwa. Siku ya kwanza ya yule mwanamume kazini nilimwambia, "Wasikupotezee muda na habari za ng'ombe. Uliza shida, andika, mwingine aingie."

Alinitii vizuri mno. Mteja akifungua mdomo, yeye alimmalizia sentensi, na benchi ikawa tupu kufikia saa nne asubuhi. Nikajiona nimelamba dume.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwa bibi mmoja wa Merigi. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani akiwa mjamzito, akajifungua kwa upasuaji, na hakuweza kubeba mtungi kutoka mtoni. Bibi akachukua bonasi yake ya chai akanunua tangi kwetu, ili katika nyumba ile yenye kichanga maji yawe karibu. Mafundi walilifunga, lakini kifuniko kilikuwa hakijakamilika. Wakafunika mdomo wa tangi kwa gunia, wakaweka jiwe juu, wakaahidi kurudi Ijumaa. Hawakurudi, nami sikuwauliza.

Bibi alikuja ofisini mara ya kwanza akatushukuru kwa kazi nzuri. Kisha akasema maji yana harufu kidogo.

"Hiyo ni bati jipya, kogo," yule mwanamume akamjibu. "Itaisha." Aliwaita mabibi wote kogo, kama wenyeji wanavyowaita, ili apendwe. Na hakusema uongo. Tangi jipya hunuka asidi na risasi ya kulehemu wiki za kwanza, kila mtu wa kazi hiyo anajua. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikatikisa kichwa kukubali.

Baada ya wiki alirudi. Kabla hajafika kwenye benchi aliambiwa, "Kogo, bado ni bati tu. Vumilia." Akasema asante, akaondoka. Kutoka Merigi mpaka Bomet, kwa ajili ya maneno hayo.

Mara ya tatu alikuja na yule karani wa majani. Kumbe walikuwa majirani. Nilidhani karani amekuja kubembeleza kazi, nikakunja uso. Waliketi, wakasalimu. Yule mwanamume akauliza, "Ni ile harufu tena?" Bibi akajibu polepole, "Eeh. Labda ni hiyo." Kitabu cha shida za wateja kikafungwa.

Yule mwanamke hakubishana. Aliinuka, akachukua kikapu cha bibi, akamshika mkono wakaenda mlangoni kama watu wanaoondoka. Hapo akasimama na kungoja. Bibi akageuka.

"Lakini," akasema, "hiyo maji iko na nywele."

Yule mwanamume akatoa kijiti mdomoni. "Mbona hukusema?" akamuuliza, kisha akanigeukia mimi. "Madam, ni wewe uliniambia nisikize shida peke yake." Nilitaka kumzaba kofi. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimeonyeshwa mbele ya wateja.

Tulienda Merigi kwa pikapu wakati ule ule. Mume wangu alipanda ngazi, akachungulia, akashuka, akaenda hadi kwenye ua akatapika. Mtu huyo amezibua vyoo vya shule akipiga mluzi. Gunia lilikuwa limezama, na ndani alikuwamo paka. Alikuwa amekaa humo siku nyingi, hata alipovutwa kwa ndoo hakutoka mzima. Harufu ilinipata nikiwa nimesimama jikoni, nikajua kwamba nimewahi kumtazama mtu mzima usoni na kumtikisia kichwa kwamba hii ni harufu ya bati.

Bibi alitukaribisha chai. Nilikitazama kikombe, nikakisukuma. Kumkatalia mtu chai nyumbani mwake ni matusi, nami nilijua.

"Kunywa, mama," akasema. "Hii ni ya mto. Ya tanki tuliacha juzi."

"Mmeinywa mpaka juzi?"

"Ofisi ilisema itaisha."

Hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake. Nilikunywa chai ile yote. Tulipoinuka kuondoka, nilitaka sana kufanya jambo moja jema ili niweze kulala usiku, basi nikamwambia yule mwanamke, "Kesho njoo. Kazi ni yako."

Hakunitazama hata. "Ngoja kwanza," akasema. "Kogo hajamaliza."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kubebea mtoto kimekunjwa mkononi.

"Ni huyu mtoto tu," akasema. "Tangu jana hashiki titi."

Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile muda wa kikombe kizima cha chai, na sikuwa nimeuliza hali ya mtoto. Mume wangu alitupa uani mabomba yote yaliyokuwa kwenye pikapu. Mama mzazi na kichanga wakakaa mbele, sisi wengine tukapanda nyuma. Hospitalini walimtundikia maji, mwili wake mdogo umekauka kama ganda la hindi. Alipona, lakini siku ile hakuna aliyejua kwamba atapona.

Daktari alitoka akiwa amekasirika, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba mtoto naye alinyweshwa maji ya tangi. Akauliza ni mjinga gani aliyewaambia maji yale yanafaa.

Bibi alinitazama, kisha akainamisha macho. "Sikumbuki, daktari," akasema. "Mimi ni mzee, nasahau."

Yule mwanamke wa Merigi alinigeukia, akaningoja kama anavyowangoja watu mlangoni.

"Ni mimi," nikasema.