Mto wa Mama wa Dirishani

Mama wa dirishani hapigi muhuri kama makarani wengine. Kwanza huupulizia pumzi, kana kwamba anauamsha, kisha huushusha juu ya stempu kwa kishindo kinachofika hadi chumba cha nyuma, ambako mgawa barua wa vijiji vya mlimani hupanga mkoba wake. Mgawa barua amezoea kuijua hali yake kwa masikio. Tangu uvumi uzagae kwamba Posta itauzwa kwa tajiri fulani, na njia ya mlimani itakuwa ya kwanza kufutwa, kishindo kilififia, na vitu vya mama vikaanza kurudi nyumbani kimoja kimoja: kikombe, kandambili, mwishowe mto wa kiti. "Mwenye mali akija, asinikute natafuta mfuko wa kubebea vitu," alisema, akakalia ubao mtupu miezi yote hiyo, akijigeuzageuza kama kuku anayeatamia.

Jana redio ilitangaza kwamba Posta haiuzwi, inabaki mali ya umma. Foleni nzima ilipiga makofi. Yeye alisema tu, "Anayefuata," na mgawa barua akadhani labda hajasikia vizuri.

Leo asubuhi amemwona akishuka kwenye basi na mto kwapani. Ameuweka kitini, ameupigapiga, ameketi taratibu, akashusha pumzi ndefu ambayo safari hii haikuwa ya muhuri.

"Leo unapanda mlima?" akamuuliza.

"Napanda, mama. Vijiji vyote."

"Basi nenda polepole, mwanangu. Na kesho pia utakwenda."